Moto chini ya mwamba, hesabu ndani ya kompyuta: yanayodhaniwa na yalivyo

Wengi hudhani kwamba ukisukuma hewa kwenye kisima cha mafuta ghafi na kuwasha moto ili mafuta mazito yalainike, yanayoungua ni mafuta yenyewe, na unavuna yaliyosalimika. Sivyo. Joto hutangulia moto: mafuta mepesi hugeuka mvuke na kwenda mbele, mazito huvunjikavunjika, na kwenye chembe za mchanga hubaki masizi magumu ya kaboni. Hayo ndiyo kuni. Chukua mwamba wenye nafasi wazi asilimia 30, asilimia 70 ya nafasi hizo ikiwa na mafuta: una karibu kilo 200 za mafuta katika kila mita ya ujazo. Kuni zikiwa kilo 25, umechoma kama sehemu moja ya nane. Kila kilo ya kuni hutaka takriban mita 11 za ujazo wa hewa, kwa hiyo kila mita ya ujazo wa mwamba inadai kama 275. Ukikosea kuni kwa asilimia 20, mahitaji ya hewa na mwendo wa moto vinapotoka karibu kwa kiasi hicho hicho, na kompresa haziji bure.

Kompyuta huiga moto huu kwa modeli, yaani hesabu zinazougawa mwamba kuwa vipande viitwavyo seli. Dhana inayoharibu modeli nyingi ni hii: kasi za mmenyuko zilizopimwa maabara unazihamishia tu kwenye modeli ya visima. Tazama seli moja. Ina urefu wa mita 20, mwamba una nyuzi 60 za Selsiasi, na ukanda wa moto wenye unene wa sentimita 20 na nyuzi 500 ndio kwanza umeingia. Kompyuta huipa seli nzima joto moja la wastani: nyuzi 64.4. Kwa mmenyuko wenye nishati ya uamilisho (nishati inayohitajika ili mmenyuko uanze) ya kilojuli 80 kwa moli, kasi katika joto hilo ni ndogo mara milioni 9 hivi kuliko kwenye nyuzi 500. Moto unaowaka vizuri ardhini umezimika kwenye skrini, na oksijeni inapita seli hadi seli bila kutumika.

Njia mbili hutumika. Ya kwanza ni kugawa seli upya, ndogondogo, pale tu moto ulipo, na mgawanyo huo uhame pamoja nao. Ni ghali kwa muda wa kompyuta. Ya pili ni kuweka nishati ya uamilisho kuwa sifuri, kuandika kiasi cha kuni kama kilivyopimwa kwenye bomba la kuchomea (bomba la maabara lililojazwa mchanga na mafuta, ambamo moto hujaribiwa), na kuacha oksijeni yote inayofika iliwe. Hii ya pili inafaa kukadiria uzalishaji na hewa. Ila usiiulize kama moto utazimika, maana umeshaiamuru usizimike.

Kuna na wanaoridhika joto la modeli likishalingana na la bomba. Hita zinazozunguka bomba huziba upotevu wa joto, na seti tofauti za kasi zinaweza kuchora mchoro uleule. Gesi inayotoka husema zaidi. Zidisha asilimia ya nitrojeni kwa 0.266, toa kaboni dayoksaidi, oksijeni na nusu ya kaboni monoksaidi. Zidisha jibu kwa 4, kisha gawa kwa jumla ya gesi mbili za kaboni: unapata uwiano wa haidrojeni kwa kaboni katika kilichoungua. Nitrojeni 83, dayoksaidi 14, monoksaidi 2.5 na oksijeni 0.5 hutoa takriban 1.5: moto halisi. Nitrojeni 86, dayoksaidi 9, monoksaidi 2 na oksijeni 3 hutoa 3.6: oksijeni inashikamana na mafuta katika joto la chini na kuyazidisha unene. Modeli isiyo na mmenyuko huo wa joto la chini haitaliona tatizo.

Na kuongeza hewa si kuongeza mafuta. Hewa ni nyepesi, hupanda juu ya tabaka na kukimbilia kisima cha uzalishaji. Huko Suplacu de Barcău, Romania, ambako majaribio yalianza mwaka 1964, moto uliendeshwa kutoka upande wa juu wa mwamba ulioinama kwenda chini, mvutano wa dunia ukisaidia. Modeli yenye safu moja tu ya seli kwa wima haioni hewa ikipanda. Anza na safu kadhaa, zile za juu ziwe nyembamba zaidi.