Mende Wadogo wa Jikoni: Kwa Nini Dawa ya Kupuliza "Haifanyi Kazi"

Malalamiko yanayotufikia katika ofisi za afya mazingira yanafanana: "Nimepuliza mara tatu, mende ndiyo kwanza wamezidi. Dawa za siku hizi ni maji." Zipo dawa ambazo kweli ni maji, na tutafika huko. Lakini mara nyingi kopo halina kosa. Mwenye nyumba hajajua anapambana na mende yupi.

Katika nyumba za mijini wako wawili wa kuwafahamu. Yule mkubwa, mwekundu wa kahawia, urefu wa sentimita 3.5 hadi 4, ni mende wa chemba na shimo la choo. Ndani anaingia tu kutafuta chakula, au mvua ikijaza maskani yake. Mdogo ana milimita 13 hadi 16, rangi ya hudhurungi, na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Huyu hakai nje. Anazaliwa, anakula na kufa jikoni kwako, naye ndiye msumbufu. (Mende mweupe si aina mpya wala hajatumwa na mtu. Amejivua gamba, na baada ya saa chache atarudia rangi yake.)

Jike la mende mdogo hutembea na kifuko cha mayai 30 hadi 40 kikiwa kimechomoza mkiani, na halikiachi mpaka mayai yakaribie kuanguliwa. Dawa ya kupuliza haipenyi kifuko hicho. Ukiua wakubwa wote leo, wiki mbili tatu baadaye tunutu (watoto wa mende) wanatoka, nao wanapita kwenye ufa wa milimita 1. Tena dawa nyingi za kopo ni za jamii moja ya kemikali, pairethroidi, na mende hawa wamejenga usugu dhidi yake karibu dunia nzima. Asiyekufa huikimbia harufu, akahamia chumbani au kwa jirani mnayepakana ukuta. Ndiyo maana ukipuliza unaona wamezidi: umewatawanya.

Anza na tochi. Zima taa saa nzima usiku, kisha ingia jikoni ghafla, umulike na utazame wanakokimbilia. Mara nyingi ni nyuma ya friji karibu na kompresa, kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki, na ndani ya king'amuzi, kwa kuwa kina joto usiku kucha. Vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ni kinyesi chao. Kama huna uhakika, chukua chupa tatu za jemu, paka mafuta ya mgando kwa ndani karibu na mdomo, tia kipande cha mkate, na uzungushie karatasi kwa nje ili wapate pa kupandia. Asubuhi chupa yenye mende wengi itakuonyesha pa kuweka dawa.

Dawa inayofaa hapo ni jeli ya chambo. Weka matone madogo kama punje ya dengu, matatu hadi matano kila penye maficho, ndani ya nyufa na kwenye kona, mbali na vyombo na mikono ya watoto. Tone moja kubwa katikati ya kabati halisaidii, maana linakauka kabla halijaliwa. Anayekula hurudi mafichoni akafia huko, na wenzake wakila kinyesi na mzoga wake nao hufa. Kagua baada ya wiki moja, ongeza palipoliwa, na endelea mpaka wiki nne hadi sita zipite ili uwapate na waliokuwa kwenye mayai. Na hili tumelisema mpaka sauti zimekauka: usipulize dawa ya kopo wala usifute kwa sabuni mahali ulipoweka jeli. Ukifanya hivyo mende hawataigusa.

Poda ya asidi ya boriki nayo ni nzuri nyuma ya jiko na chini ya kabati palipo pakavu. Nyunyiza tabaka jembamba kama vumbi lililotua juu ya meza. Ukiona rundo umezidisha, mende atalizunguka. Ikilowa haina kazi.

Maji ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mende mdogo anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula, lakini bila maji hamalizi wiki mbili. Bomba la sinki linalodondosha usiku kucha linamtosha. Kwa mende mkubwa, ziba mfuniko wa chemba kwa saruji, weka wavu mwembamba kwenye bomba la hewa la shimo, na mwaga maji kila wiki kwenye tundu la bafu lisilotumika ili maji yanayobaki kwenye kona ya bomba lake na kumzuia mende yasikauke. Mafuta ya taa kwenye chemba, hapana. Yanaweza kulipuka.

Sasa hizo dawa za maji. Kiuatilifu halali kinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kwenye lebo tafuta jina la kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayoua) na kiwango chake, namba ya usajili, tarehe ya kuisha muda, na maelekezo ya matumizi. Kimoja kikikosekana, usinunue. Dawa ya shambani iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haina hata kimoja, na chaki ya mende isiyo na lebo mtoto haitofautishi na ya shule. Kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa la jinai. Kampuni ya kupuliza dawa nayo lazima iwe na kibali: omba ukione, andika namba yake, na dai risiti yenye jina la dawa iliyotumika kabla hujalipa.

Kama chanzo ni chemba iliyo wazi ya jirani au ya mwenye nyumba wako, peleka taarifa kwa Afisa Afya wa kata. Atakagua, na akithibitisha kero, atatoa notisi ya maandishi kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 yenye muda wa kurekebisha. Muda ukiisha anakagua tena, na asiyetekeleza hufikishwa mahakamani. Tafadhali msituletee mende kwenye mfuko. Tunawaamini.

Mtu akimeza dawa, usimtapishe, na maziwa si dawa ya sumu. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Kutokwa mate mengi, jasho, mboni kuwa ndogo na misuli kutetemeka ni dharura. Mkimbize hospitali, na uibebe chupa au pakiti yenyewe ili daktari asome lebo.