Saikloni ya kifyonza vumbi haichukui nafasi ya filta

Imekuwa kawaida, madukani na katika matangazo ya vifaa vya nyumbani, kusikia kwamba kifyonza vumbi cha saikloni ni kile kisicho na filta, na kauli hiyo hurudiwa hata na watu wanaokitumia kila wiki. Kosa hili lina gharama, kwa sababu anayeamini kwamba filta haipo hataifungua wala kuisafisha, na siku mashine itakapoanza kuvuta kinyonge ataipeleka kwa fundi akidhani mota imechoka. Kilichoondolewa katika mashine hizi ni mfuko. Filta imebaki palepale.

Saikloni ni chumba cha duara, aghalabu chenye umbo la pia, ambamo hewa yenye vumbi huingizwa kwa ubavu na kulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa. Hewa hugeuka na kutokea katika tundu la katikati kwa juu, ilhali punje za vumbi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hushindwa kukata kona, hugonga ukuta na kuteremka chomboni.

Wengi wetu tumekwisha kuiona bila kuitambua. Katika mashine nyingi za kusaga mahindi, lile bati kubwa la umbo la pia linalosimama juu ya gunia ni saikloni: unga hushukia chini, na hewa hutokea juu kupitia mfuko wa kitambaa unaotuna mashine inapofanya kazi. Mfuko ule wa kitambaa ndio filta, na unga unaofanya mapaa ya nyumba ya mashine yawe meupe ni ule uliovipita vyote viwili. Chombo hiki kilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1885, na viwanda vya mbao vilikitumia kwa miongo mingi kabla James Dyson wa Uingereza hajakileta katika kifyonza vumbi cha nyumbani, kazi ambayo kwa maelezo yake mwenyewe ilimgharimu vielelezo 5,127 vya majaribio.

Tofauti kati ya kutenganisha na kuchuja inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo inayopotea katika mazungumzo. Filta huweka nyuzi katikati ya njia ya hewa, na kila inachokikamata hubaki humohumo na kuizuia hewa inayofuata; kwa hiyo kadiri inavyofanya kazi vizuri ndivyo inavyozidi kuziba. Saikloni haiweki kizuizi cha namna hiyo, na inachokikamata huangukia pembeni, nje ya njia. Hiyo ndiyo sifa yake ya kweli, na watengenezaji wana haki ya kujivunia. Lakini saikloni huchagua. Kasi ya punje kuelekea ukutani hufuata kipeo cha pili cha kipenyo chake, maana yake ni kwamba punje yenye nusu ya kipenyo husogea kwa robo ya kasi, na iliyo ndogo mara 10 husogea polepole takriban mara 100, huku muda wake wa kukaa ndani ya chumba ukiwa ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa hiyo kila saikloni ina ukubwa fulani wa punje ambao nusu yake hukamatwa na nusu huponyoka, na chini ya hapo nyingi huponyoka. Filta ya HEPA, yaani filta ya nyuzi za kunasa punje ndogo mno, ya daraja la H13, kwa kulinganisha, inatakiwa kukamata asilimia 99.95 ya punje za ukubwa ule ulio mgumu kuliko wote kukamatwa, ambao ni sehemu ndogo tu ya maikromita moja (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita).

Njia mojawapo ya kuiboresha saikloni ni kuipunguza upana. Hewa inayokwenda mita 20 kwa sekunde katika duara la nusu kipenyo cha sentimita 10 huisukuma punje ukutani kwa nguvu ya takriban mara 400 ya uzito wake. Katika duara la nusu kipenyo cha sentimita 2 nguvu hiyo hufika mara 2,000. Kwa kuwa saikloni ndogo hupitisha hewa kidogo, huwekwa nyingi sambamba, zikitanguliwa na moja kubwa ya kuondoa nywele na mchanga. Mota hulipia jambo hilo kwa kufanya kazi zaidi ya kuvuta hewa, kwa hiyo idadi ya saikloni iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi kuonyesha ubora.

Maisha ya filta, basi, huamuliwa kabla vumbi halijaifikia. Nguvu ya saikloni hutokana na kasi ya hewa, na kasi ikipungua kwa nusu nguvu hiyo hubaki robo. Bomba likikabwa na karatasi, au wavu wa ndani ukifunikwa na nywele, saikloni hudhoofika, vumbi zaidi hupita, filta huziba, kasi hupungua tena, na mambo huzidi kuharibika yenyewe. Chombo kikijazwa kupita alama ya kiwango cha juu, mkia wa hewa inayozunguka huligusa vumbi lililokwisha kutulia na kulirudisha safarini. Lisiloangaliwa kabisa ni mpira wa kuzibia mfuniko wa chini. Ndani ya chombo shinikizo la hewa ni dogo kuliko nje, kwa hiyo mwanya mdogo tu huingiza hewa mahali hasa vumbi laini lilipolala na kulipandisha katikati hadi kwenye filta. Wapo wanaonunua filta mpya mara kwa mara, ilhali tatizo ni mpira uliochakaa. Majivu, saruji na vumbi la jasi ni suala jingine: ni laini mno, na mashine ya nyumbani isitumiwe kuyafyonza hata kama saikloni zake ni nzima.

Filta inayoruhusiwa kuoshwa, na si zote zinazoruhusiwa, kwa kawaida huoshwa kwa maji baridi bila sabuni na kuachwa ikauke kabisa, mara nyingi kwa saa 24, kwa sababu vumbi huganda kwenye nyuzi zenye unyevu na unyevu huo huvutwa hadi kwenye mota.

Anayesema kwamba mashine yake haina filta anakusudia, bila shaka, kwamba haina mfuko, na ingefaa aseme hivyo. Filta kwa kawaida ni mbili, moja kabla ya mota na nyingine baada yake, pale hewa inapotokea, na kitabu cha maelekezo huonyesha jinsi ya kuzifikia.