Kuhesabu Siku za Kazi za Japani katika Kulipa Mishahara na Kupanga Tarehe za Mwisho

Tarehe 31 Desemba 2026 itaangukia Alhamisi, na mhasibu wa Afrika Mashariki anayeshughulikia wafanyakazi walioko Japani anaweza kuihesabu kuwa siku ya kazi kama Alhamisi nyingine. Siku hiyo benki za Japani zitakuwa zimefungwa. Mwajiri ambaye kanuni zake zinasema mshahara hulipwa siku ya mwisho ya mwezi, na siku hiyo ikiangukia mapumziko ya benki hulipwa mapema, atalipa Jumatano tarehe 30. Lakini michango ya hifadhi ya jamii ya mwezi Novemba, ambayo nayo hudaiwa mwisho wa Desemba, itasogea mbele hadi Jumatatu tarehe 4 Januari 2027. Tarehe ni ileile, ila malipo haya mawili yanaelekea pande mbili tofauti, na asiyejua sababu yake atakosea hata akiwa na kalenda sahihi mezani.

Jambo la kwanza kuuliza ni hili: siku ya kazi ya nani? Jumamosi, Jumapili na sikukuu za taifa, ambazo kwa sasa ni 16 kwa mujibu wa sheria iliyotungwa mwaka 1948, ni mapumziko kwa benki na kwa ofisi za serikali pia. Tofauti hujitokeza mwisho wa mwaka. Ofisi za serikali hufungwa kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari, ilhali benki hufungwa kuanzia tarehe 31 Desemba hadi 3 Januari, kwa hiyo tarehe 29 na 30, zisipoangukia wikendi, fedha zinaweza kutumwa ingawa ofisi ya kodi imefungwa. Katikati ya Agosti hali hugeuka: kampuni nyingi huwapa wafanyakazi likizo ya Obon, msimu wa kuwakumbuka wahenga, lakini hiyo si sikukuu ya kisheria na benki hufanya kazi kama kawaida.

Sikukuu zenyewe zina kanuni ambazo huwachanganya hata watu wazoefu. Sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko huhamia siku ya kwanza inayofuata ambayo si sikukuu. Ikiangukia Jumamosi, hakuna fidia yoyote. Ndiyo maana sikukuu ya Katiba ya tarehe 3 Mei 2026, iliyoangukia Jumapili, haikufidiwa Jumatatu wala Jumanne, kwa kuwa siku hizo mbili ni sikukuu nyingine, bali Jumatano tarehe 6. Tena, siku ya kawaida ikibanwa katikati ya sikukuu mbili, nayo hugeuka kuwa mapumziko.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayoufanya mwezi Septemba 2026 uhitaji uangalifu mkubwa. Siku ya Kuheshimu Wazee huadhimishwa Jumatatu ya tatu ya Septemba, yaani tarehe 21, na siku ya majira ya kupukutika kwa majani ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana ni Jumatano tarehe 23, hivyo Jumanne iliyo katikati inakuwa mapumziko pia. Tuseme mshahara hulipwa tarehe 25, kama ilivyo desturi katika kampuni nyingi za Japani, na mkataba na benki unataka orodha ya malipo ifike siku tatu za kazi kabla. Tukihesabu kurudi nyuma, siku ya kwanza ni Alhamisi tarehe 24, ya pili ni Ijumaa tarehe 18, na ya tatu ni Alhamisi tarehe 17. Siku tatu za kazi zimekuwa siku nane za kalenda, na saa za ziada za wafanyakazi zinapaswa kuwa zimeshahakikiwa kabla ya hapo. Ni kweli kwamba tangu Oktoba 2018 mfumo wa Japani wa kuhamisha fedha kati ya benki umeweza kufanya kazi saa 24, lakini malipo ya mishahara yanayotumwa kwa mkupuo bado hufuata siku za kazi za benki.

Kuhusu mwelekeo wa kusogeza malipo, yaani mapema au mbele, Sheria ya Viwango vya Kazi, kifungu cha 24, inataka mshahara ulipwe angalau mara moja kila mwezi katika tarehe maalumu. Kampuni inayolipa mwisho wa mwezi ikisogeza malipo mbele, mwezi mmoja utapita bila mshahara. Kwa anayelipa katikati ya mwezi, sheria haimzuii kusogeza mbele iwapo kanuni zake zimeandikwa hivyo, ingawa binafsi naona ni haki zaidi kulipa mapema, kwa sababu kodi ya nyumba ya mfanyakazi haisubiri. Kodi ya zuio, yaani ile ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara na kuiwasilisha serikalini, kinyume chake, husogea mbele. Hudaiwa tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Tarehe 10 Oktoba 2026 ni Jumamosi, na Jumatatu inayofuata ni Siku ya Michezo, hivyo mwisho wa kulipa ni Jumanne tarehe 13.

Fomula za siku za kazi katika Excel hazizijui sikukuu hizi mpaka mtumiaji aziorodheshe mwenyewe. Orodha rasmi hutolewa na Ofisi ya Baraza la Mawaziri la Japani, na inapaswa kuchukuliwa upya kila mwaka, kwa sababu tarehe mbili za kulingana kwa usiku na mchana hutangazwa rasmi Februari ya mwaka uliotangulia. Kwa anayefanya kazi hii akiwa Nairobi au Dar es Salaam, saa nazo zihesabiwe: Japani imetutangulia kwa saa sita, na madirisha ya benki nyingi za huko hufungwa saa tisa alasiri, wakati kwetu ni saa tatu asubuhi.