Chumba hiki kinakaliwa au hakikaliwi?

Ramani ikifika mezani kwangu, majina ya vyumba siyaamini sana. Nauliza kwanza: nani atakaa humu, na kwa muda gani? Katika LEED, mfumo wa Marekani wa kuyapa alama majengo yanayojali mazingira, toleo la 4, nafasi inayokaliwa kwa kawaida ni ile ambayo mtu, awe ameketi au amesimama, anafanya kazi, anasoma au anashughulika na jambo la kutaka umakini kwa zaidi ya saa moja kwa siku, kwa wastani. Ofisi, darasa na jiko la mgahawa zimo. Korido, choo na chumba cha fotokopi hukaliwa, ila si kwa kawaida. Chumba cha mitambo hakikaliwi kabisa.

Hadi hapo hatugombani. Ugomvi huanzia chumba cha mikutano. "Kinatumika mara mbili tu kwa wiki," mteja husema, "kitoe kwenye hesabu." Hakitoki. Chumba kisichotumika kila siku hupimwa kwa muda anaokaa mtumiaji wa kawaida siku kinapotumika, na vikao vinavyokwisha chini ya saa moja nimeviona vichache mno.

Mapokezi nayo yana yake. Wageni ni wapita njia, kwa hiyo ukumbi hauhesabiwi. Anayewapokea yuko pale kutwa. Nachora mstari kuizunguka meza na kiti chake. Ndani ya mstari kunahesabiwa, nje hapana.

Kinachowavutanisha watu ni asilimia. Katika LEED hiyo, alama ya mandhari, yaani ya kuona nje kupitia madirisha, inataka asilimia 75 ya eneo linalokaliwa kwa kawaida lione nje moja kwa moja. Tuseme ghorofa ina mita za mraba 800 za aina hiyo, na 580 zinaona nje: asilimia 72.5, umekosa. Toa chumba cha mikutano cha mita 40 kisicho na dirisha, ugawe 580 kwa 760: asilimia 76.3, umepita!

Nikiwa bado mgeni wa kazi hii niliukubali ujanja huo. Nikasahau kwamba kwenye jedwali la taa chumba kilekile tulikiorodhesha kuwa kinakaliwa kwa kawaida. Mkaguzi aliyaweka majedwali mawili ubavu kwa ubavu akauliza swali moja tu. Alama ikaondoka.

Siku hizi jedwali ni moja, na naliandaa kabla madirisha hayajaamuliwa: chumba, eneo, mkaaji, saa. Nikikuta chumba kimeandikwa "matumizi mengine", nampigia simu msanifu kabla sijajaza chochote.