Programu huria si programu isiyo na mwenyewe

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukikaribia hapa Dodoma, stesheneri za njia ya kuelekea Chuo Kikuu hujaa wanafunzi na flashi zao, na ombi ni lile lile: "Niwekee LaTeX, ile ya bure, ile haina mwenyewe." LaTeX ni programu ya kupanga kurasa za maandishi, hasa yenye hisabati. Wengine huitia kapu moja na programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazowekwa kwenye meza hiyo hiyo. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na linaniuma.

Programu huria ni ile ambayo mwenyewe ameiachia umma: ameruhusu watu waitumie, wainakili, wagawiane, waone ilivyoandikwa ndani na waibadilishe. Basi. Bei haimo kwenye maana hiyo. Kuna programu nyingi hazilipiwi senti na bado huruhusiwi kuzigusa ndani wala kumpa jirani nakala. Iliyokrakiwa ndiyo iko mbali kabisa, maana hapo mwenyewe hajaruhusu chochote.

Neno la kushika ni ruhusa. Na ruhusa haitoki hewani, hutolewa na mtu mwenye haki ya kuitoa.

Mtu huyo kwa habari ya TeX (tamka *tekh*, kwa kh ya kheri), programu ambayo LaTeX imejengwa juu yake, ni Donald Knuth, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1977 alionyeshwa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake. Toleo la kwanza lilikuwa limepangwa kwa herufi za madini ya risasi, likapendeza. Safari hii mtambo ulikuwa mwingine na kurasa zilimchukiza. Mwalimu yeyote wa hisabati aliyewahi kupokea mtihani kutoka kwa mchapaji akakuta x mraba imekuwa x2, na darasa zima likasoma "x mara mbili", anaijua hasira hiyo. Knuth akaamua kuandika programu yake mwenyewe. Alitarajia kuimaliza 1978. Ilimla takriban miaka kumi.

Ndani ya programu hiyo ukiandika `$x^2$`, ile mbili inapanda mahali pake na kupungua ukubwa unaostahili. Alama za dola zinazofungua na kufunga fomula zilichaguliwa kwa sababu kupanga hisabati kwa desturi ni kazi ghali. Kazi hiyo ghali ndiyo aliyoiachia dunia. Mwaka 1986 maandishi yote ya programu yalitolewa kama kitabu, kila mstari, asome anayetaka. Mtaalamu mwingine wa kompyuta, Leslie Lamport, alikuwa ameshajenga LaTeX juu yake bila kununua haki kwa mtu.

Sasa sikiliza sharti, maana hapa ndipo "haina mwenyewe" inapoanguka. Mwaka 1990 Knuth alitangaza kwamba amemaliza kuiendeleza TeX. Alisema programu zake ameziachia umma, kila mtu azitumie apendavyo, hata atengeneze iliyo bora kuliko yake. Ila jina asilichukue. Mfumo wowote usiofanya kazi sawasawa na wake, asilimia mia, usiitwe TeX. Upo hata mtihani maalumu ambao programu hupitishwa kabla ya kustahili jina hilo.

Wengine huona huo ni uchoyo. Mimi naona ndio moyo wa jambo lote. Jina likilindwa, faili lililoandikwa na mtu wa miaka ya tisini linatoa leo kurasa zile zile, mistari ikikatika pale pale. Wala sharti halikumzuia mtu kuendelea: waliotaka kuongeza mambo mapya waliongeza, wakaita kazi zao pdfTeX, XeTeX, LuaTeX. Hayo majina tofauti unayoyaona kwenye laptopu yako yametokana na sharti hilo.

Na huyo anayesemwa hayupo alikuwa akimwandikia hundi kila aliyemwonyesha kosa ndani ya TeX. Kiwango kilipandishwa miaka ikipita hadi kufika dola 327.68. Marekebisho ya 2021 yaliifikisha TeX kwenye toleo namba 3.141592653, kwa sababu kila toleo huongeza tarakimu moja ya pai. Kitu kisicho na mwenyewe hakitunzwi hivyo.

Kwa mwanafunzi wa hapa kwetu tofauti hii ina faida ya papo hapo. LaTeX kamili pamoja na vikorombwezo vyake ni gigabaiti kadhaa, na bando la kuishusha si la bure hata kidogo. Lakini kwa kuwa ruhusa ya kunakili ipo, mmoja akiishusha kwa intaneti ya chuo anaweza kuipitisha kwa flashi chumba kizima cha hosteli, mchana kweupe, wala hajaiba. Programu iliyokrakiwa haikupi haki hiyo hata ukiipata kwa buku.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa stesheneri, ukimwekea mwanafunzi LaTeX usimwambie umemkrakia, na akisema haina mwenyewe mrekebishe taratibu: ina mwenyewe, naye ameruhusu. Mfungulie leseni aisome. Ukimtoza kwa muda wako na bando lako, hilo nalo limeruhusiwa. Mwambie tu kwamba analipia kazi yako.