Gran turismo iliyotumika: maana ya aina hii ya gari na ya bei yake

Gran turismo, au GT kwa kifupi, ni aina ya gari lililokusudiwa safari ndefu za kasi. Kwa kawaida lina milango miwili, injini kubwa iliyowekwa mbele, viti vinavyokalika kutwa nzima bila mgongo kuuma, na buti linalotosha mizigo ya watu wawili. Halipaswi kuchanganywa na gari la michezo, ambalo waundaji wake hupunguza uzito kila wanapoweza. Waundaji wa gran turismo hukubali uzito wa ngozi, mazulia na vizuia kelele, kisha huufidia kwa nguvu ya injini.

Aina hii ilikomaa Italia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lancia Aurelia B20 GT ya mwaka 1951 hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyoweka kigezo, Maserati 3500 GT ikafuata mwaka 1957, na barabara kuu ya Autostrada del Sole, iliyokamilika mwaka 1964 kati ya Milano na Napoli, ikayapa magari hayo njia inayoyafaa.

Katika soko la magari yaliyotumika, mfano ulio wazi ni Maserati GranTurismo, iliyozinduliwa Geneva mwaka 2007 na kuundwa Modena hadi mwaka 2019, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya usanifu wa magari, na injini yake ya V8 ikitengenezwa na Ferrari huko Maranello. Toleo la kwanza lilikuwa na injini ya lita 4.2, nguvu za farasi 405 na mwendo wa juu wa kilomita 285 kwa saa, ingawa lina uzito wa takribani kilo 1,880. Viti vyake vya nyuma, jambo adimu kwa magari ya namna hii, hukalika na mtu mzima.

Matoleo ya mwanzo sasa huuzwa chini sana ya bei yake ya awali, lakini gharama ya kuyatunza haikushuka pamoja na bei hiyo: breki, spea za injini na kazi ya fundi anayeyajua hutozwa kana kwamba gari ni jipya. Ndiyo maana magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kupishana sana kwa bei, na mara nyingi tofauti hiyo ni matengenezo ambayo mwenye gari la bei nafuu hakuyafanya.

Mnunuzi makini humwomba muuzaji asiiwashe injini kabla hajafika. Mlio wa kugongagonga wa sekunde chache, injini inapowashwa ikiwa baridi, huweza kuashiria kuchakaa kwa variata, yaani vifaa vinavyotumia msukumo wa oili kurekebisha wakati wa vali kufunguka, na kuvibadilisha ni kazi ghali. Katika GranTurismo S ya mwaka 2008 yenye lita 4.7 na gia za kiroboti, yaani gia za klachi ambazo mitambo huzibadilisha badala ya mguu na mkono wa dereva, hali ya klachi nayo hupimwa, kwa kuwa uhai wake hutegemea mno tabia ya dereva aliyetangulia. Gia otomatiki za kawaida zina usumbufu mdogo zaidi.

Kilomita chache si sifa peke yake, maana gari lililosimama muda mrefu hukaukiwa na sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje, na tairi zake huzeeka zikiwa bado na kashata nzuri. Binafsi ningechagua lililotembea kilomita 80,000 likiwa na stakabadhi zote za gereji kuliko la 20,000 lisilo na hata moja. Umri wa tairi husomwa ubavuni mwake: tarakimu nne kama 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.