"Sina nafasi ya kusikiliza Neno": yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mimi ni Martha, wenye nafasi ni akina Maria." Hili utalisikia zaidi kwa akina mama, na mara nyingi ni mimbari iliyowafundisha. Isome Luka 10 taratibu, pale Martha anapohangaika na utumishi huku dada yake Maria ameketi kumsikiliza Yesu. Yesu hakumkemea Martha kwa kupika. Wageni walipaswa kula. Alichomgusia ni kusumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Na ni Martha huyuhuyu ambaye katika Yohana 11, ndugu yake akiwa kaburini, anatamka kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Asiyesikiliza hasemi hivyo. Basi mama anayechambua mchele huku mtoto wa darasa la tano akimsomea Marko kwa sauti, aya kumi tu, akikwama kwenye majina na kusahihishwa, hajapungukiwa kitu. Kinachoharibu ni ile simu kuokotwa kila inapolia.

"Lazima iwe alfajiri." Ni kweli Marko 1:35 inamwonyesha Yesu akitoka mapema sana kwenda kuomba. Lakini Isaka alitoka kutafakari kondeni jioni. Petro alipanda darini saa sita mchana, tena njaa inamuuma na chakula bado kinaandaliwa, na hapo ndipo alipopata maono yaliyomfikisha nyumbani kwa Kornelio. Mlinzi anayetoka zamu ya usiku alale kwanza.

"Redio ya injili inaunguruma kwangu kutwa, inatosha." Haitoshi. Muulize mwenye redio mahubiri ya asubuhi yalihusu nini, uone atakavyokuna kichwa. Kumbukumbu la Torati 6 inataka maneno ya Mungu yanenwe nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka: yanenwe, yaani watu wazungumze. Watu wa Beroya nao waliyachunguza Maandiko kila siku ili wajue kama waliyoambiwa ndivyo yalivyo, na aliyewahubiria alikuwa Paulo!

"Sijawahi kusikia sauti, basi Mungu hasemi nami." Samweli aliisikia kweli, akadhani ni kuhani Eli anamwita. Mara tatu alikimbia kwa mzee kabla mzee hajang'amua ni nani anayeita. Towashi wa Kushi alikuwa na kitabu cha Isaya mkononi, garini, na bado akamjibu Filipo kwamba hawezi kuelewa asipopata wa kumwongoza. Wengi wetu tunahitaji mtu wa pembeni. Ndiyo kazi ya jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976, na ya ibada za nyumba kwa nyumba kwa Waprotestanti. Ila kama kwenu muda wote unaliwa na michango na matangazo, mwombeni mwenyekiti somo litangulie, watu wakiwa bado macho, na kila mmoja aruhusiwe kuuliza asichoelewa bila kuchekwa.